Moto Unasingiziwa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Udongo, Joto na Nyufa

Barua zilizofika mezani safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, nalo ni sababu ya udongo kupasuka. Mmoja amepasukiwa na chungu kikiwa bado kibichi, wengine motoni, wa tatu jikoni kwake, na wa mwisho amepasukiwa na nyumba. Wengi hulilaumu joto au jua, nami kwa miaka niliyokaa na udongo mikononi nimefikia kuona kwamba joto hulaumiwa kupita linavyostahili. Udongo hupasuka pale sehemu yake moja inapotangulia kusinyaa, au kutanuka, huku sehemu ya jirani ikiwa bado haijafika. Kwa hiyo katika kila barua nitaitafuta kwanza ile sehemu iliyotangulia.

Shikamoo fundi. Ninajifunza kufinyanga kwa bibi mmoja wa mtaani hapa Morogoro. Vyungu vya bibi hukauka salama, lakini vyangu huchanika mdomoni, na vingine hupata ufa katikati ya kitako hata kabla ya kuonja moto. Udongo ni uleule. Tofauti pekee ni kwamba yeye huvianika ndani ya nyumba, nami huvitoa juani ili vikauke upesi. Nimejaribu kuziba nyufa kwa udongo wa majimaji, lakini zinarudi palepale. Nakosea wapi? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, binti yangu. Jibu umelitaja mwenyewe ulipoandika neno "upesi", lakini neno hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa upesi hauna ubaya kila wakati.

Udongo wa mfinyanzi ni mkusanyiko wa chembe bapa, mithili ya magamba ya samaki, zilizo ndogo kiasi kwamba nyingi hazifiki milimita 0.002 kwa upana. Udongo unaofinyangika vizuri huwa na maji yanayofikia kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, na sehemu kubwa ya maji hayo hukaa kama utando kati ya chembe na chembe. Utando huo ndio unaoziwezesha chembe kuteleza moja juu ya nyingine unapoubonyeza udongo, na ndio unaoufanya udongo ubaki na umbo ulilouachia. Maji yanapotoka, utando unakuwa mwembamba, chembe zinasogeleana, na chombo kizima kinapungua. Udongo mwingi wa kufinyangia hupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya urefu wake kabla haujafika motoni. Chungu chenye upana wa sentimita 30, kikipungua kwa asilimia 7, kitakuwa kimepoteza sentimita 2 na zaidi kidogo. Na kama mdomo umezitoa sentimita zake leo mchana, ilhali tumbo litazitoa zake kesho kutwa, basi baina yao patachanika.

Sasa kitazame chungu chako kikiwa juani. Mdomo ni mwembamba, uko juu, unapigwa na jua na upepo ndani na nje. Kitako ni kinene, kimekalia ubao, na upande wake wa chini haupati hewa hata kidogo. Kufikia adhuhuri mdomo umekwisha kukauka na unataka kujikaza uwe duara dogo zaidi, lakini tumbo lililo chini yake lingali bichi na pana kama lilivyokuwa asubuhi, nalo linaukatalia. Udongo huvumilia sana kubonyezwa lakini hauvumilii kuvutwa, hivyo mdomo unachanika pale penye udhaifu: pengine kidole kiliacha mkwaruzo, pengine uliulowanisha mno wakati wa kuulainisha. Kitako hupata shida iliyo kinyume. Kinaanza kusinyaa wakati kuta zimekwisha kukauka na kusimama imara, kwa hiyo kimefungwa kila upande na duara lisilosogea tena, na kwa kuwa hakina pa kwenda kinapasuka katikati. Wanaotumia gurudumu huuona ufa huo ukiwa na umbo la herufi S, kwa kuwa udongo wa kitakoni ulizungushwa bila kubanwa. Wewe unayejenga kwa misokoto utauona zaidi ukifuata maungio.

Jambo ambalo wafinyanzi wazoefu hulifanya kila siku bila kulisema ni hili: hatari haidumu muda wote wa kukauka, bali inakaa mwanzoni. Chembe zikishasogeleana hadi kugusana, maji yanayobaki huwa yamo katika vitundu vidogo kati yao, na yakitoka nafasi yake inachukuliwa na hewa, hivyo chombo hakisinyai tena ila kidogo sana. Hatua hiyo unaweza kuiona kwa macho. Rangi iliyokuwa imekoza huanza kupauka, kuanzia mdomoni na kuteremka chini polepole kama kivuli kinachohama ukutani. Kabla ya hapo chungu kinahitaji subira. Baada ya hapo jua halina la kukifanya. Mchunguze bibi yako vizuri, na sitashangaa ukikuta kwamba vyungu vikishapauka naye huvitoa nje.

Basi kipe chungu nafasi ya kusinyaa chote kwa pamoja. Usikiweke juu ya ubao mtupu, kwa sababu kitako hugandamana nao, na kitu kinachosinyaa lazima kitambae. Tandaza majivu au mchanga mkavu chini yake ili kiteleze bila kuzuiwa. Uvike mdomo kitambaa chenye unyevu au karatasi ya nailoni mpaka tumbo liufikie. Chungu kikishaweza kujishika, kipindue ili kitako nacho kipate hewa. Wakati wa kufinyanga, kitako kipigepige kwa kokoto laini au kipande cha mti hadi chembe zijipange na kushikamana, na mdomo uubane kwa jani la mgomba au kipande cha ngozi badala ya kuuongezea maji. Kisha ujihadhari na upepo kuliko jua. Niliwahi kuacha mitungi minne barazani, kivulini kabisa, nikaenda msibani. Niliporudi jioni yote minne ilikuwa na ufa upande uleule, ule uliotazama uchochoro.

Muulize bibi pia anachochanganya katika udongo wake, maana huenda hamtumii "uleule" kama unavyodhani. Mchanga na vigae vya vyungu vilivyochomwa, vikipondwa, havisinyai hewani, na vinaacha njia za maji kutokea katikati ya ukuta. Sehemu moja ya vigae kwa sehemu tatu au nne za udongo ni kipimo cha kuanzia. Ukizidisha, udongo utakataa kufinyangika.

Kuhusu kuziba, methali ya ufa na ukuta imekuponza. Udongo wa majimaji unaoupaka katika ufa una maji mengi kuliko udongo wote ulio kando yake, kwa hiyo utasinyaa sana, ilhali kingo za ufa zimekwisha kusinyaa na hazitausogelea. Lazima uachane nazo palepale. Katika karakana methali inayofaa ni ile ya udongo upatize ungali maji. Ufa ukiuona chungu kikiwa bado na rangi ya ubichi, ukandamize kwa kokoto hadi ujifunge. Chungu kikishapauka, kivunje bila huruma. Vipande vilivyokauka kabisa ukivitumbukiza majini humomonyoka vyenyewe na kuwa uji kwa muda mfupi, ilhali vilivyokauka nusu hukaa siku nzima na kiini kigumu ndani. Kwa hiyo hata chungu kilichoharibika, kiache kikauke vizuri kabla ya kukirudisha kwenye ndoo.

Mpendwa mhariri. Kikundi chetu cha akina mama huchoma vyungu kila mwezi hapa karibu na Kakamega, kwa kuni na majani makavu, bila joko. Mwezi wa Aprili vyungu kumi na viwili vililipuka motoni kwa kishindo, ingawa tulikuwa tumevianika ndani ya nyumba kwa wiki mbili nzima. Wapo wanaosema ni hewa iliyonaswa kwa sababu udongo haukukandwa vizuri, na wapo wanaosema kuni zilikuwa za mti mbaya. — Katibu wa kikundi, Kakamega

Akina mama, poleni kwa hasara. Kuni ziachilieni huru, na hewa nayo msiishtaki peke yake. Hewa iliyonaswa katika ukuta mkavu hutanuka na kupenya taratibu katika vitundu vya udongo, na mara nyingi haidhuru. Ubaya wa kishimo chenye hewa ni kwamba huweza kuficha unyevu, nao unyevu ndio mhalifu wenu.

Udongo haukauki kupita hewa inayouzunguka. Aprili ni mwezi wa mvua huko kwenu, na nyumba iliyojaa hewa yenye unyevu haiwezi kukausha chungu hadi mwisho hata mkikiacha humo mwezi mzima. Kitapauka, kitaonekana kimekauka, na bado kitakuwa na maji kidogo ndani ya vitundu. Chukueni chungu chenye uzito wa kilo 5 kilichobakiwa na asilimia 2 tu ya maji. Hiyo ni gramu 100, chini ya nusu kikombe, na jicho haliwezi kuitambua. Maji hayo yakichemka hugeuka mvuke unaohitaji nafasi ya zaidi ya lita 160, yaani ndoo nane kubwa za maji, na yote hiyo inatafuta mlango wa kutokea katika vitundu visivyoonekana kwa macho. Joto likipanda polepole mvuke hupata muda wa kutoka na hakuna atakayesikia kitu. Moto wa wazi, hata hivyo, unaweza kupanda hadi nyuzijoto 600 au zaidi za Selsiasi ndani ya saa moja, na majani makavu huuharakisha mno dakika za mwanzo. Hapo mvuke unazaliwa kwa kasi kuliko unavyoweza kutoka, nao unaubandua ukuta. Angalieni vipande vyenu: nikikisia sawasawa, vingi ni magamba mapana yaliyobanduka kutoka sehemu nene, yaani kitakoni na kwenye mabega ya chungu, huku midomo myembamba ikiwa imesalimika.

Dawa yake ni kukipasha chungu joto kabla ya kukichoma, na wazee wetu walikuwa na njia zaidi ya moja. Wengine waliviweka vyungu darini juu ya jiko la kupikia kwa siku kadhaa, ambako moshi na joto dogo vilimaliza kazi ambayo hewa ya masika haikuiweza. Wengine walivipanga vyungu wakizunguka moto mdogo, wakivigeuza kila baada ya muda, au walitia makaa machache ndani ya chungu chenyewe. Kujua kama kiko tayari ni rahisi. Kigusisheni shavuni asubuhi: chenye maji huwa baridi kuliko hewa, kwa kuwa kinaendelea kukauka na kukauka hupoza. Kikiwa kinapashwa moto, shikilieni bapa la panga lililo baridi juu ya mdomo wake. Likipata ukungu, maji bado yanatoka, na kuni zisubiri. Panga likibaki kavu na chungu kikiwa cha moto kiasi cha kushindwa kushikika, endeleeni bila wasiwasi.

Kuna maji mengine ambayo hamtayaona kwenye panga. Yamo ndani ya umbile la udongo wenyewe, yameungana nao kikemia, na katika kaolini safi, yaani ule udongo mweupe wa mfinyanzi, hufikia takriban asilimia 14 ya uzito. Hayo hutoka kati ya nyuzijoto 450 na 600 hivi, na kutoka kwake ndiko kunakoufanya udongo usiweze tena kurudi kuwa tope hata ukilowekwa mwaka mzima. Kwa vyungu vya kuta nyembamba hatua hii hupita kimya.

Jambo moja la kuongeza, kwa kuwa katibu hakuandika kama vyungu vingine vilipata nyufa nyembamba baada ya kutolewa motoni. Mchanga mweupe uliomo katika udongo, yaani kwatzi, hubadilika umbile ghafla unapofika nyuzijoto 573: ukipashwa hutanuka kwa karibu asilimia 1 ya ujazo wake, na ukipoa husinyaa kwa kiasi hichohicho. Chungu kikiwa na upande mmoja chini ya alama hiyo na upande wa pili juu yake, kwa mfano kikipigwa na upepo kingali chekundu, kinaweza kupasuka. Nyufa zenyewe zitawaambia zilikozaliwa. Ufa wa kukauka huwa mpana, umeachama, na kingo zake ni butu. Ufa wa kupoa ni mwembamba kama unywele na kingo zake ni kali. Najua mtaniuliza kuhusu wafinyanzi wanaotoa chungu motoni kwa mti mrefu kingali kinawaka na kukirashia maji ya magome, kama ilivyo desturi sehemu nyingi za Afrika, na kisipasuke. Jibu la hilo limo katika barua inayofuata.

Nilinunua chungu kipya cha udongo kwa ajili ya samaki wa nazi, nikakiweka juu ya jiko la gesi na mafuta kidogo ya kukaangia vitunguu. Dakika tano hazikufika, kikalia "ta!" na mafuta yakamwagikia moto. Mama mkwe wangu alipikia chungu cha namna hiyohiyo juu ya mafiga kwa miaka mingi. Je, ni udongo wa siku hizi, au ni gesi? — Mpishi, Tanga

Shukuru kwamba hukuungua, dada. Udongo wa siku hizi hauna tofauti na wa zamani, kwani umri wake wenyewe ni wa kale kuliko sisi sote. Kilichobadilika ni jinsi moto unavyokigusa chungu, na huenda pia umbo la chungu chenyewe.

Chungu kilichochomwa hakina tena maji ya kufinyangia, kwa hiyo hakisinyai. Kinatanuka kikipata joto na kurudi kikipoa. Utanukaji wake ni mdogo ajabu. Kitako cha sentimita 20 kikipata nyuzijoto 300 zaidi hakitanuki hata nusu milimita. Hata hivyo udongo uliochomwa haujui kukunjika, na nusu hiyo ya milimita inatosha kuupasua ikiwa kitako kimetanuka na ukuta bado. Juu ya mafiga ndimi za moto hulilamba tumbo lote la chungu na kupanda hadi karibu na mdomo, na kuni hukolea polepole. Jiko la gesi huwasha duara dogo, kali tangu sekunde ya kwanza, chini kabisa ya kitako. Ukaongeza na mafuta. Maji yakiwemo ndani ya chungu, kitako hakiwezi kupata joto kubwa sana, kwa sababu maji yenyewe hayapiti nyuzijoto 100. Mafuta kidogo hupita mara mbili ya hapo kwa muda mfupi, na sehemu ya ukuta isiyoguswa na mafuta inabaki baridi.

Umbo nalo lina neno lake. Vyungu vya asili vya kupikia, kama vile vya wanawake wa Kikisi wa Ikombe vinavyovushwa kwa mitumbwi Ziwa Nyasa kwenda kuuzwa karibu na Matema, ni vya mviringo chini, havina kona. Chungu kinachouzwa mjini mara nyingi hutengenezwa na kitako bapa ili kikae sawa mezani na jikoni, na pale kitako kinapokutana na ukuta ndipo mvutano wote wa joto unapojikusanya. Kama vipande vyako bado vipo, angalia kama ufa haukuanzia hapo.

Watu hudhani kwamba chungu kilichochomwa sana, kigumu na kinacholia kama kengele ukikigonga, ndicho kitakachostahimili jikoni. Mimi naona kinyume chake. Udongo mgumu uliojifunga kama wa sahani za kauri hauna kitu cha kuuzuia ufa ukishaanza, hivyo hukimbia mpaka ng'ambo. Udongo wenye mchanga, vigae vilivyopondwa na vitundu vingi, uliochomwa kwa moto wa wazi, umejaa vituo: ufa ukikutana na kitundu au punje hupoteza ukali wake na kuishia hapo. Hiyo ndiyo sababu vyungu vinavyorashiwa maji ya magome vingali vinawaka havipasuki. Chungu cha kupikia chenye kutoa jasho kidogo mwanzoni si kibovu.

Utakaponunua kingine, kizoeshe. Kijaze maji, koroga humo konzi moja ya unga wa mchele au wa muhogo, kiweke juu ya moto mdogo kabisa, ongeza moto polepole hadi kichemke, kisha uache kitokote saa nzima na kipoe chenyewe hadi asubuhi. Wanga utaziba sehemu ya vitundu. Kwenye gesi weka kipande cha bati nene kati ya moto na chungu ili joto lisambae, na usianze kupika kikiwa kitupu au na mafuta peke yake. Kaanga vitunguu katika sufuria na uvihamishie humo na tui. Ukihitaji kuongeza maji, yawe ya moto. Ukikiepua, usikitue juu ya sakafu ya saruji yenye maji, bali juu ya kata ya majani makavu au kitambaa kilichokunjwa.

Nafundisha sanaa hapa Unguja. Vyungu vyetu hutoka motoni vizima, lakini baada ya wiki moja au mbili hubanduka vipande vidogo vya duara, na katikati ya kila shimo kuna kidoa cheupe. Baadhi vimepasuka kabisa vikiwa kabatini, mbali na moto na jua. — Mwalimu, Unguja

Mwalimu, kidoa hicho cheupe ni chokaa. Nahisi mmechanganya udongo na mchanga wa pwani, ambao umejaa vipande vya makombe na matumbawe. Vitu hivyo vikipata joto linalozidi nyuzijoto 800 hivi hugeuka chokaa hai, na chokaa hai hunyonya unyevu wa hewani, nao huko visiwani haukosekani. Ikinyonya, huvimba; ikivimba, husukuma ukuta uliochomwa, na punje ya ukubwa wa mbegu ya mtama inatosha kurusha gamba la ukubwa wa shilingi. Tumieni vigae vilivyopondwa au mchanga wa mtoni badala ya huo wa ufukweni. Kama hamna budi kuutumia, jaribuni kwanza kwa kudondoshea siki: mchanga ukitoa povu, una makombe. Usagwe uwe laini sana, maana punje ndogo mno haina nguvu ya kubandua kitu, au mchome kwa moto usiofikia joto hilo, ambalo moto wa wazi mdogo hauvuki kirahisi.

Nyumba yangu ya Kitengela, iliyojengwa kwa mawe juu ya udongo mweusi, hupata nyufa kila kiangazi, na mvua zikija, nyufa nyingine hujifunga kidogo na nyingine hufunguka. Fundi amezipaka saruji mara tatu. Pia binti yangu anataka kuuchimba udongo huo kwa ajili ya ufinyanzi shuleni. Je, unafaa? — Mwenye nyumba, Kitengela

Ndugu yangu, umejenga juu ya udongo wa mbuga, unaoenea katika nyanda za Athi na Kapiti na sehemu nyingi za Kenya na Tanzania. Chembe zake si za jamii ya kaolini kama ule wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Ni za jamii iitwayo smektaiti, ambayo maji huingia si kati ya chembe na chembe tu bali hata ndani ya chembe yenyewe, katikati ya matabaka yake, na kuyasukuma yaachane. Ndiyo maana kiangazi ardhi yenu hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu, na masika huvimba na kuinua kilicho juu yake. Nyumba yako haikauki wala hailoani kwa usawa: ardhi iliyo chini ya sebule imefunikwa na hubadilika kidogo, lakini ile ya pembeni hupigwa na jua na mvua, hivyo kona za nyumba hupanda na kushuka huku katikati ikitulia. Ni mchezo uleule wa mdomo wa chungu na tumbo lake, ila hapa chungu kina paa.

Saruji ya fundi ni sawa na udongo wa majimaji wa yule binti wa Morogoro. Tafuta mhandisi apime kina cha msingi wako kabla ya kulipa kibarua cha nne. Anayejenga upya juu ya udongo huu huuchimba na kuuondoa, akajaza murram, yaani udongo mwekundu wa changarawe, iliyoshindiliwa, au hushusha msingi hadi chini ya tabaka linalobadilika kwa majira. Nyumba iliyokwisha kusimama husaidiwa na yale yanayoifanya ardhi ibaki na unyevu ulio sawa mwaka mzima: mzunguko mpana wa saruji kando ya kuta, mifereji inayopeleka maji ya paa mbali, bomba lisilovuja, na miti mikubwa isiyo karibu, kwa kuwa mizizi hunyonya maji upande mmoja.

Kuhusu binti yako, usimkatalie, ila apime kwanza. Akande udongo, atengeneze kibao chenye unene wa kidole, achore juu yake mstari wa sentimita 10 kwa kisu, na akianike kivulini siku kadhaa hadi kipauke chote. Mstari ukisoma sentimita 9.4, udongo una tabia njema. Ukishuka chini ya 9, na kwa udongo wenu huenda ukashuka, auchanganye na vigae vilivyopondwa na udongo mwekundu kutoka mahali pengine, apime tena, na aendelee hivyo mpaka kibao kikauke bila kujikunja. Nafasi ni kubwa kwamba udongo mweusi utaishia kuwa sehemu ndogo tu ya mchanganyiko wake.